Mabua Yaliyoahidiwa Mara Tatu

Siku mtakapopewa kazi yenye neno uratibu ndani yake, vijana wangu, kabla hamjauliza gari la ofisi ni la aina gani, ulizeni swali moja: nani anakula mabua? Watawacheka. Wacha wacheke. Mimi nilikaa kwenye uratibu miaka mingi bila kuchekwa kwa kuuliza hilo hata siku moja, na ndiyo sababu niko na haya ya kuwaambia.

Naitwa Barasa. Nilitoka upande wa Bungoma nikaja Eldoret kuwa karani wa kupiga taipu, na nikastaafu nikiitwa Afisa Mratibu wa Kanda, Kilimo cha Kaboni Chini. Mke wangu alipoisoma barua ya hicho cheo mara ya kwanza aliniuliza kama nimepandishwa ama nimepimwa nikapatikana na ugonjwa. Sasa niko nyumbani Langas, nachunga kuku wanne na kubishana na redio. Juzi vijana watatu waliomaliza chuo hapo Chepkoilel walikuja kuniuliza siri ya kazi. Nikawapa chai, wakaandika andika kwenye simu, wakaenda. Baadaye nikagundua nimewaambia uongo wote ule ule niliokuwa naambia wageni. Ndiyo nimeketi sasa kuandika ukweli.

Kazi yenyewe, kwa maneno ya kawaida, ilikuwa hivi: kaunti tano zilime bila kuchosha udongo na bila kurusha hewa chafu juu, na zifanye hivyo pamoja, siyo huyu avute huku na yule avute kule. Wazo zuri. Nasema mapema msije mkadhani nalikejeli wazo. Mvua yetu siku hizi inakuja ikijisikia, na udongo wa Uasin Gishu umepitiwa na trekta mpaka umekuwa kama unga wa jana. Wazo halikuwa na shida. Shida ilikuwa sisi.

Ofisi yetu ilikuwa na korido moja na vitengo vitatu. Kitengo cha Udongo, Kitengo cha Mifugo na Kitengo cha Nishati. Milango yao ilikuwa inatazamana, mtu akipiga chafya huku anaambiwa afya kule. Walitumia birika moja la umeme, na hilo birika ndilo kitu cha pekee nilichowahi kuona kikiratibiwa sawasawa katika lile jengo. Kulikuwa na zamu, zamu ilibandikwa ukutani, na ilifuatwa. Mambo mengine yote yaliratibiwa kwa jedwali, na jedwali lilikuwa langu.

Lakini kabla ya jedwali, nilifundishwa kazi na mtu. Alikuwa Mzee Cheruiyot, ofisa wa nyanjani wa zamani, mtu wa gambuti zilizopasuka na kofia ya soksi. Huyo mzee alikuwa hajui kompyuta na hakutaka kuijua. Siku ya kwanza tulipotoka pamoja nilishuka kwenye pikapu na faili, nikakimbilia shambani kuhesabu miche. Akaniita.

"Wewe karani, rudi hapa. Ukifika boma la mtu usianze na shamba. Anza nyuma ya ng'ombe."

Nikasimama nyuma ya ng'ombe kama mjinga.

"Unaona nini?"

"Mkia, Mzee."

"Angalia mifupa ya nyonga. Kama unaweza kutundika kofia hapo na isianguke, hii nyumba iko na shida, hata kama shamba ni kijani mpaka kwa barabara. Shamba linaweza kukudanganya. Mgongo wa ng'ombe hauwezi."

Alinifundisha mengine pia, na ninawapa bure. Silaji, yale mahindi mabichi yaliyokatwakatwa na kuchachushwa kwa ajili ya ng'ombe, unaichota kwa ngumi, unabana. Ikitiririka maji, mwenye nayo alikata mahindi mapema. Ikitawanyika mara moja, alichelewa. Ikifunguka pole pole mkononi na kunukia tamu-chachu, mpongeze mwenye nyumba kabla hujasalimia. Udongo usiupime kwa macho. Chomeka kidole, kisha nusa. Na mkulima akikuambia "tutaona", funga faili uende, amekataa.

Nilipuuza somo moja tu kati ya hayo. Mtaliona likija.

Nisiwafiche, kwanza nilijiaibisha kwa njia za kawaida. Mara yangu ya kwanza kusimama mbele ya watu ilikuwa Burnt Forest, kwa baraza la chifu, msimu wa kuchimba viazi. Nilikuwa nimekariri maneno wiki nzima. Nikawaeleza kwamba mti unavuta kaboni kutoka hewani na kuifungia ardhini, na kwamba kuna watu huko mbali wanaoitaka sana hiyo kaboni. Mzee mmoja akainua mkono.

"Ofisa, hiyo kaboni tunapima kwa gunia ama kwa debe?"

Badala ya kusema sijui, nikajitutumua. "Kwa tani, Mzee."

Watu wakanong'onezana. Wiki iliyofuata niliporudi nilikuta pikapu mbili zimejaa watu wakiningoja na magunia matupu, yamekunjwa vizuri, mengine bado yana udongo wa viazi. Haki ya nani, nilitamani ardhi inimeze na kaboni yake. Hawakunipiga. Walinijazia gunia moja viazi, wakasema mtu wa kutoka mbali akishikwa na njaa huanza kuongea ovyo. Mzee Cheruiyot alicheka kutoka pale mpaka Eldoret, kisha akaniambia neno sijui halijawahi kumfukuzisha mtu kazi. Mwaka huo huo alistaafu, akaniachia kofia yake ya soksi. Bado ninayo.

Sasa niwaambie kuhusu Mama Salina.

Mama Salina alikuwa mjane, mkulima wa ekari mbili, upande wa Soy. Alichaguliwa kuwa na shamba la mfano kwa sababu moja kubwa ya kitaalamu: shamba lake lilikuwa kando ya lami. Mashamba ya mfano huchaguliwa na lami, vijana, msidanganywe. Kuna wakulima hodari kumshinda huko ndani, lakini kufika kwao ni matope, na wageni wa kaunti tano hawapendi kuchafua viatu. Kwa hiyo kila mradi ulisimamisha kibao chake pale kwa lango la Mama Salina. Nilipoacha kuhesabu vilikuwa saba. Yeye alivipenda, alianikia nguo.

Siku ya kwanza kufika kwake alinikaribisha na mursik, maziwa mala ya kwenye kibuyu, mazito yenye vumbi jeusi la mkaa. Nikanywa kikombe cha kwanza kwa adabu na cha pili kwa tamaa.

"Nyinyi watu wa magharibi mnajua kunywa," akasema. "Sasa umekunywa kwangu, hapa ni kwenu. Usinidanganye siku nyingine."

"Siwezi, Mama."

Maziwa yalitoka kwa ng'ombe mmoja tu, kwa sababu alikuwa amebaki na mmoja tu. Aliitwa Lelgut, kwa vile mdomo wake ulikuwa mweupe, na alikuwa na tabia ya kulamba faili za serikali. Wajukuu wawili wa Mama Salina walikunywa chai ya maziwa yake asubuhi kabla ya shule, na yaliyobaki yalikwenda kwa majirani. Nilipomjua, Lelgut alikuwa na mimba. Angezaa mwezi wa tatu, mvua zikianza. Nyumba nzima ilikuwa inaungoja huo mwezi wa tatu.

Basi, jedwali. Siku moja nikiwa najaza mipango ya baada ya mavuno nikaona kitu. Mstari wa nne, Kitengo cha Udongo: Mama Salina ataacha mabua yote shambani yafunike udongo, yaoze, yarudishe rutuba na kushika kaboni. Mstari wa kumi na moja, Kitengo cha Mifugo: Mama Salina atakatakata mabua yote, achanganye na molasi, alishe ng'ombe. Mstari wa kumi na tisa, Kitengo cha Nishati: Mama Salina atashindilia mabua yote yawe makaa ya kupikia, asikate miti. Ni mabua yale yale, ya ekari zile zile mbili. Kila mstari ukiusoma peke yake ulikuwa na akili kabisa.

Nikampelekea bosi. Tulimwita Daktari, ingawa udaktari wake ulikuwa wa vitabu, siyo wa sindano. Alikuwa mtu mpole anayependa rangi kwenye ripoti.

"Daktari, haya mabua yameahidiwa mara tatu."

Akavaa miwani, akatazama, akatabasamu kama mtu aliyeletewa habari ya mtoto kuzaliwa.

"Barasa, hii si shida. Hii ndiyo inaitwa synergy, vitengo kushikana mikono. Weka mishale."

Nikaweka mishale. Ya kijani. Jedwali likapendeza sana, likapelekwa kwenye mkutano wa kanda, likapigiwa makofi.

Ili kuamua mabua yaanzie kwa nani, tulingoja ziara. Kamati ya kanda, wajumbe kutoka kaunti zote tano, ingekuja mwezi wa kwanza kutazama mabua yakiwa yamelala shambani, ipige picha, ndipo vitengo vingine viyachukue. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mabua hayaguswi mpaka picha ipigwe. Nikaenda Soy kumwambia Mama Salina.

Na hapa ndipo kuna kosa ambalo lingeweza kufanywa na watu wa ofisi yetu tu, kwa sababu mtoto yeyote wa Soy angetuambia. Kule, mahindi yakishavunwa na magunia kuingia stoo, shamba linakuwa la ng'ombe. Haijaandikwa mahali. Ng'ombe wa Salina wanaingia kwa Kiprop, shemeji yake waliyepakana mashamba, wa Kiprop wanaingia kwa Salina, wa jirani wa tatu wanaingia kwa wote wawili, wanazunguka hivyo wakila mabua mpaka mvua inyeshe. Ndivyo ng'ombe wa mtu mwenye ekari mbili anavyovuka kiangazi: anakula ekari ishirini za watu wengine. Sisi tulijua hewa iliyo juu kabisa huko inafanya nini, lakini hilo la ng'ombe kuzunguka halikuwa kwenye jedwali. Halikuwa na kitengo.

"Na ng'ombe za Kiprop zikikuja?" Mama Salina akaniuliza.

"Zuia, Mama. Ni kwa muda mfupi tu."

"Na Lelgut atakula nini?"

"Kitengo cha Mifugo wataleta nyasi," nikasema. Sikuwa nimewauliza. Nilipowauliza baadaye walifungua karatasi yao wakanionyesha hawawezi kumletea nyasi, kwa sababu kwenye mstari wa kumi na moja alikuwa tayari ana mabua.

Akaziba mwanya wa kupitia ng'ombe kwenye ua kwa miiba na mbao. Siku ya tatu Kiprop alinikuta Soy sokoni, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Wewe ndiye Barasa? Umekuja kutoka kwenu kufundisha shemeji yangu uchoyo?"

"Ni mambo ya tabianchi, Mzee."

"Tabia ya nani? Sikia. Kama mabua yake ni ya wageni, yangu ni ya ng'ombe yangu."

Naye akaziba kwake. Jirani wa tatu akaziba pia. Kwa wiki moja tulikuwa tumefanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya kijijini pale: kila ng'ombe akawa na mpaka. Niliripoti ofisini kwamba usimamizi wa malisho umeimarika.

Ziara ya mwezi wa kwanza ikaahirishwa, mafuta ya magari yalikuwa hayajaidhinishwa. Mama Salina akapiga simu.

"Barasa, hao watu wanakuja lini? Lelgut amekula uwanja wote, sasa anakula kamba."

"Wiki mbili, Mama. Usiguse mabua, tafadhali."

Wiki mbili zikaisha. Kamati ilikuwa imeenda warsha Naivasha, siku nne, kujadili namna bora ya kupanga ziara. Niliporudi na begi la warsha begani, Mama Salina akapiga tena. Nikasema wiki moja. Kisha bango likachapishwa, na nembo ya kaunti moja ikawa ndogo kuliko nembo za wenzake. Kaunti hiyo ikasema haiji mpaka nembo ikue. Bango likarudishwa mjini. Nembo ikakua. Sasa kaunti nyingine ikasema yake imeonekana kusinyaa.

Katikati ya vita vya nembo, mwezi wa pili, nilienda Soy mwenyewe. Shamba la Mama Salina lilikuwa limelala chini ya mabua manono, ya dhahabu, picha tupu. Nje ya ua Lelgut alikuwa amesimama na shingo juu ya miiba akiyatazama. Nikapita nyuma yake. Mifupa ya nyonga ilikuwa imetoka, na mngenipa kofia ya Mzee Cheruiyot, ningeitundika pale ikae mchana kutwa.

Niliona, vijana. Sitaki mseme sikuona. Nilifundishwa kuangalia, nikaangalia, nikaona.

"Barasa," Mama Salina akasema, "niambie tu nifungue. Ukisema fungua, nafungua sasa hivi."

Nilikuwa nimebakisha miezi michache nistaafu. Daktari alikuwa ameshaniambia kutakuwa na sherehe, na keki. Nikaogopa kuwa mtu aliyeharibu picha ya kaunti tano. Leo nikiandika hivi naona aibu mpaka masikio yanawaka, lakini siku hiyo nilijikaza kisabuni, nikasema: "Wiki moja tu, Mama. Ya mwisho."

Akanitazama kidogo. "Haya. Nitangoja."

Alinipigia Jumatatu asubuhi. Hakunisalimia.

"Lelgut ametupa ndama. Na yeye hainuki."

Nilichukua pikapu ya ofisi bila kuandika kwenye daftari la gari, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya. Nikapita kununua molasi. Nilipofika nilikuta wanaume sita wamepitisha magunia chini ya tumbo la Lelgut na kuyafunga kwa miti, wanajaribu kumwinua. Aliyekuwa mbele, mgongo umepinda, jasho linamtoka, alikuwa Kiprop. Mama Salina alikuwa amefungua ua sasa, amebeba mabua mikono miwili, ameyaweka mbele ya ule mdomo mweupe. Lelgut aliyagusa kwa mdomo, akayapindua, akayaacha. Hakuwa na nguvu ya kutafuna. Saa sita mchana akafa.

Mama Salina alilia kwa sauti, kama watu wanavyolilia mtu. Mimi nilisimama na gambuti zangu safi na debe la molasi. Kisha nikamuuliza lile ambalo nyinyi pia mnataka kuuliza.

"Mama, mbona hukumfungulia tu?"

"Nilikuambia nitangoja," akasema. "Wewe ulikuwa umekunywa kwangu."

Ziara ilifanyika siku nne baadaye. Ilifana, lo! Hema nyeupe, bango lenye nembo tano zilizopimwa kwa rula, magari yamepangwa kwenye lami bila tone la tope. Mabua yalikuwa yamelala mahali pake, yamepungua mzigo mmoja tu ambao hakuna aliyeugundua. Wajumbe waliingia shambani, wakachuchumaa, wakashika mabua, wakapigwa picha wakishika mabua. Kitengo cha Udongo kilifunua mabua kikaonyesha unyevunyevu chini yake, na kusema kweli unyevunyevu ulikuwepo. Udongo ulikuwa umefurahi sana.

Kisha ikaja chai. Mama Salina mwenyewe alizunguka na birika akimimina, na ilikuwa strungi, nyeusi tititi. Kwa mtu wa kule kumpa mgeni strungi ni kama kumpokea na sahani tupu. Nilifikiri mtu atauliza. Mjumbe mmoja mnene mwenye koti akaonja, akainua kikombe juu.

"Chai bila maziwa! Jameni, mnaona? Huyu mama ameelewa mambo ya kaboni kutushinda sisi!"

Wakapiga makofi. Daktari alipiga kwa muda mrefu kuliko wote. Mama Salina akaendelea kumimina.

Mama mmoja kutoka kaunti jirani, mtu wa mifugo, ndiye peke yake aliyetazama huku na huku. "Na ng'ombe yuko wapi? Kwa orodha yangu hapa kuna ng'ombe mmoja."

Macho yote yakanigeukia, mimi mwenye jedwali. Nikasikia sauti yangu ikisema: "Yuko malishoni."

Mama Salina alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, birika mkononi. Neno moja tu lingenimaliza pale mbele ya nembo zote tano. Alinitazama, kisha akamgeukia yule mama.

"Ndio," akasema. "Ako malishoni."

Alinifichia aibu kwa sababu nilikuwa mgeni wa nyumba yake, na mgeni hafedheheshwi mbele ya wageni wengine. Nimefokewa na mabosi wanne katika kazi hii, na wote wanne wakiwekwa pamoja hawajaniumiza kama ile sentensi.

Mtadhani mambo yaliisha hapo. Hapana, kulikuwa na ripoti. Kwenye ripoti kulikuwa na safu ya hewa ya methani, ile inayotoka kwa ng'ombe wakicheua. Mwaka uliotangulia, boma la Mama Salina: ng'ombe mmoja. Mwaka huu niliandika ukweli, nikaandika sifuri, nikidhani sasa mtu atashtuka aulize. Kijana mmoja wa takwimu alishtuka kweli. Alikuja mbio korido nzima na laptopu mkononi.

"Mzee Barasa! Huyu mkulima ameteremsha methani yake mpaka chini kabisa! Hakuna boma lingine kama hili kanda nzima!"

"Ng'ombe wake alikufa," nikamwambia.

Akafikiri. Alikuwa kijana mzuri, hakuwa na ubaya wowote. "Hiyo hakuna mahali pa kuiweka," akasema.

Mama Salina akapewa cheti. Boma la Kaboni Chini, nambari ya kwanza, fremu ya kioo, maua pembeni. Sikwenda kukipeleka, nilijifanya nina mafua.

Kabla sijaondoka ofisini nilifanya jambo moja la maana. Niliongeza safu kwenye jedwali, mkono wa kulia kabisa, nikaiita "Nani anakula?" Kila mpango, wa udongo ama wa miti ama wa makaa, ujaze pale: hiki kitu tunachomwomba mtu akiweke, akiache ama akichome, sasa hivi nani anakila, na huyo atakula nini kesho? Nilijaza mistari yote ya Soy kwa mkono wangu, kijiji kwa kijiji, nikiwapigia watu simu. Daktari akaiondoa. Alisema ukurasa umekuwa mpana, hauingii kwenye printa. Ndipo wakanikatia keki. Ilikuwa ya kijani, umbo la hindi, na mtu alikuwa amechora mishale juu yake kwa sukari.

Hiyo safu nawapa nyinyi. Printa za siku hizi ni kubwa.

Ilinichukua muda mrefu baada ya kustaafu kupata ujasiri wa kwenda Soy. Nilikodi boda boda, nikafunga marobota mawili ya nyasi nyuma, nyasi nzuri ya kukata. Tumefika nusu ya njia ndipo nikakumbuka napeleka nyasi kwa boma lisilo na ng'ombe. Mtu wa ofisi ni mtu wa ofisi, hata ukimstaafisha. Mwanya wa ua ulikuwa wazi tena, na ng'ombe wa Kiprop walikuwa ndani wakila mabua, hawana habari na mtu.

Mama Salina alitoka, akanitazama, akatazama nyasi, akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaacha kucheka.

"Kuja," akasema.

Alinipeleka kwenye kibanda alichokuwa akikamulia. Kamba ya Lelgut ilikuwa bado imefungwa kwa nguzo. Juu yake, kwenye msumari, kilining'inia kile cheti. Kioo alikuwa amekitoa. Akakiteremsha akanipa.

"Imeandikwa Kizungu. Nisomee yote."

Nikamsomea kwa Kiswahili, kutoka kwa nembo mpaka chini. Uongozi bora. Mchango kwa kanda. Kupunguza hewa chafu. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ni wapi wameandika Lelgut?"

"Hajaandikwa, Mama."

"Na hii sahihi hapa chini, ni ya nani?"

"Ya kwanza ni ya Daktari. Hii ya pili ni yangu. Mratibu."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa biro ya mjukuu wake, imetafunwa mwisho.

"Basi wewe ndiye wa kuandika."

Nikaweka cheti kwenye goti. Chini ya sahihi yangu nikaandika: Lelgut. Alikufa kwa njaa mabua yakiwa mbele yake. Mimi niliona.

Aliyafuata maneno kwa kidole, moja moja, mpaka mwisho. Akarudisha cheti kwenye msumari, juu ya kamba, akakinyoosha kisilale upande.

"Sasa ingia ndani," akasema. "Chai ni strungi."